Mtoto wa Shule Naye Afungwe Mkanda

Saa 11 alfajiri, adhana ikiwa bado haijakwisha katika misikiti ya Dar es Salaam, magari ya shule huwa yamekwisha kuanza kuzunguka mitaani. Huko Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta mtoto wa miaka saba huingizwa garini na mkoba wake, akatafuta pembe ya kulalia, na mara nyingi asiipate kwa sababu kiti kilichotengenezwa kwa watu wawili kimekwisha kaliwa na watoto watatu. Aliyekosa kiti huketishwa juu ya kibao kilichotiwa kati ya safu mbili, au husimama akishikilia mgongo wa kiti cha dereva. Mzazi hupunga mkono, mlango hufungwa, gari huondoka. Dereva amefunga mkanda. Katika gari zima ndiye peke yake aliyefunga, naye amefunga kwa sababu anajua askari wa usalama barabarani amesimama wapi.

Hayo si ya magari ya shule peke yake. Mtumishi wa serikali anayempeleka mwanawe shuleni kabla ya kwenda kazini hufanya yale yale katika gari lake mwenyewe. Yeye hufunga mkanda. Aliwahi kuandikiwa faini na somo likamwingia. Nyuma yake watoto wawili wamesimama katikati ya viti vya mbele, vichwa vimetokeza, wakishindana nani ataiona foleni kwanza. Wa tatu amepakatwa na mama yake kwenye kiti cha mbele, na mama huyo anaamini kwa moyo mweupe kwamba hakuna mahali salama kwa mtoto kupita kifuani pa mamaye. Baba akiulizwa kwa nini watoto wa nyuma hawakufungwa, atajibu kwamba sheria haikusema, au kwamba gari lake halina mikanda ya nyuma. Mikanda inayo. Imefunikwa chini ya vitambaa vya viti tangu wiki ile gari lilipotolewa bandarini, na vifungio vyake vimezama katika upenyo wa kiti pamoja na makombo ya biskuti.

Jambo hilo lina kejeli yake. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea katika barabara za nchi hii yalitumika Japani kabla ya kuletwa huku. Huko yalikotoka, sheria imemlazimisha mzazi tangu mwaka 2000 kumkalisha mtoto aliye chini ya miaka 6 katika kiti chake maalumu, na tangu mwaka 2008 imemlazimisha abiria wa kiti cha nyuma, wa umri wowote, kufunga mkanda. Gari lile lile lililombeba mtoto wa Nagoya akiwa amefungwa barabara, likifika Dar es Salaam humbeba mtoto wa Kitanzania kama gunia lisilotiwa kamba. Gari halikubadilika hata kidogo njiani.

Wapo wanaodhani kwamba mwendo wa mjini ni mdogo mno kumwua mtu aliyekaa ndani ya gari. Hesabu yake ni ya sekondari, na mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kuiandika ubaoni kwa dakika tano. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kisichosogea, mtu asiyefungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka azuiwe na kitu kingine: kioo, dashibodi, au kisogo cha aliyeketi mbele yake. Kipigo hicho ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani dirisha la ghorofa ya tatu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa urefu huo unafika mita 25. Mama aliyempakata mtoto wa kilo 10 hutakiwa, katika sehemu ya kumi ya sekunde, azuie nguvu inayopita uzito wa kilo 100. Hakuna mikono ya binadamu inayoweza. Na kama mama mwenyewe hakufunga mkanda, ni uzito wake yeye utakaomkandamiza mwanawe kwenye dashibodi.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliyemo garini hadi asilimia 50. Takwimu hizo zimesomwa katika semina nyingi. Semina huisha, washiriki hupanda magari ya ofisi kurudi makwao, na wanaokaa nyuma hawafungi.

Ni kweli kwamba sheria yenyewe imechangia uzembe huo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho iliyofanyiwa, iliweka wajibu wa kufunga mkanda kwa dereva na kwa abiria wa kiti cha mbele. Haikumfikiria mtoto. Hilo si ajabu kwa sheria ya wakati ule. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilipoweka shabaha ya kumpatia kila mtoto elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, shule zilijengwa kwa nguvu za wananchi katika vijiji, na mtoto alikwenda shuleni kwa miguu akiwa na jembe au ufagio begani. Mtunga sheria hakuwa na sababu ya kufikiria gari la rangi ya njano lenye watoto thelathini wanaosinzia. Lakini nyakati zimegeuka na sheria ikabaki pale pale. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 iliitaja Tanzania miongoni mwa nchi zisizokuwa na sheria ya kulazimisha viti vya usalama vya watoto, ingawa mashirika ya kiraia, kikiwamo Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, yameililia Serikali kwa miaka kadhaa ili kasoro hiyo irekebishwe.

Nchi nyingine nazo zilianza na kiti cha mbele. Uingereza ilimlazimisha dereva na abiria wa mbele kufunga mkanda mwaka 1983. Ikapita miaka 6 kabla sheria haijamfikia mtoto wa kiti cha nyuma mwaka 1989, na mtu mzima wa kiti hicho akafikiwa mwaka 1991. Kwa hiyo hakuna aibu katika kuchelewa. Aibu ni kuchelewa huku majibu ya mtihani yamekwisha kubandikwa ukutani na wengine.

Yapo pia mambo ambayo hata mzazi mwenye nia njema hayajui, na hapo hapana budi kueleza kwa kirefu, kwa sababu mkanda uliofungwa vibaya unaweza kumjeruhi yule yule uliyekusudiwa kumlinda. Mkanda unaopita begani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Sweden, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia pasipo malipo. Ulibuniwa kwa kiwiliwili cha mtu mzima. Kipande cha juu kinatakiwa kipite katikati ya bega na kukata kifua. Kipande cha chini kinatakiwa kikae chini kabisa, juu ya mifupa ya nyonga, kikigusa mapaja. Mifupa hiyo ndiyo yenye nguvu ya kupokea kishindo.

Mtoto wa darasa la pili hana kimo cha kuutumia mkanda huo kama ulivyo. Akikalishwa peke yake kwenye kiti cha gari, miguu yake huning'inia, naye huteleza mbele ili magoti yapate kukunjika. Akisha teleza, mkanda wa chini hupanda tumboni na wa juu humkata shingoni. Gari likigonga, badala ya mifupa ya nyonga, ni tumbo laini linalopokea kishindo chote. Ini, bandama na utumbo hupasuka, na uti wa mgongo huweza kuvunjika kiunoni. Mtoto, kwa kuwa shingo inamwasha, huuchukua mkanda wa juu akaupitisha nyuma ya mgongo au chini ya kwapa. Mzazi humwona na kunyamaza, akidhani nusu ya kinga ni bora kuliko kukosa. Kumbe kifua na kichwa cha mtoto huyo sasa havina kitu cha kuvizuia.

Dawa yake si ngumu. Ni kiti kidogo cha kumnyanyulia mtoto, kigumu, kinachowekwa juu ya kiti cha gari ili mkanda umkae mahali unapomkaa mtu mzima. Sheria ya Uingereza inataka mtoto akitumie mpaka afikishe miaka 12 au kimo cha sentimita 135, lolote litakalotangulia. Wataalamu wengi hushauri asubiri mpaka akaribie sentimita 150. Mto wa kulalia haufai kuwa badala yake, maana hubonyea na kuteleza wakati ule ule unapohitajika. Watoto wawili kufungwa mkanda mmoja nako ni hatari, kwa sababu vichwa vyao hugongana. Na mtoto wa shule ya msingi akae kiti cha nyuma: mfuko wa hewa uliomo katika dashibodi umepimwa kwa kifua cha mtu mzima, nao hufumuka kwa nguvu inayoweza kumvunja mtoto shingo. Viti hivyo vya kunyanyulia vinapatikana katika maduka ya miji mikubwa, lakini kwa wazazi wengi bei yake si ya mchezo. Wizara ya Fedha itakapokaa kupanga kodi za vifaa kutoka nje, itafaa ikumbuke kwamba kifaa hiki si anasa.

Hata hivyo yote hayo ni habari njema kwa mtoto mwenye kiti. Mtoto aliyekalishwa kwenye kibao katikati ya gari hana hata pa kuanzia. Noah ilitengenezwa kubeba watu 8 pamoja na dereva; ikifanywa gari la shule hupakia watoto 15 na zaidi, kwa hoja kwamba watoto ni wadogo na wanabanana vizuri. Katika Coaster viti vya kukunja vya katikati huwa havina mkanda, na ndivyo anavyopewa mtoto wa mwisho kuchukuliwa njiani. Hapo kuhubiri habari ya mikanda bila kuhesabu vichwa ni kupoteza wakati. Kanuni ni moja: mtoto mmoja, kiti kimoja, mkanda mmoja.

Taifa lilikwisha kulia juu ya safari za wanafunzi. Tarehe 6 Mei, 2017, gari lililowachukua wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Msingi ya Lucky Vincent ya Arusha, waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao, lilitumbukia korongoni katika eneo la Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, waalimu 2 na dereva. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Makamu wa Rais wa wakati huo, Ndugu Samia Suluhu Hassan, akawaongoza waombolezaji. Watoto 3 walionusurika walipelekwa katika jimbo la Iowa, Marekani, kutibiwa, wakarejea nyumbani mwezi Agosti mwaka huo huo.

Si haki kwa marehemu wale kudai kwamba mkanda peke yake ungewaokoa. Gari likishuka korongoni huvunja vitu vingi, na mkanda ni mmojawapo tu. Lakini katika kila msiba wa namna hiyo husikika neno lile lile, kwamba ajali haina kinga. Likisemwa na jirani anayemfariji mfiwa, neno hilo halina ubaya. Likisemwa na mwenye gari aliyepakia watoto 30 katika nafasi za watu 18, ni kichaka cha kujifichia. Ajali ina kinga nyingi: mwendo wa dereva, breki zinazokaguliwa, barabara yenye kingo, idadi ya abiria, na mkanda. Mtoto hana uwezo wa kuamua juu ya hata moja kati ya hizo. Wakubwa ndio wanaomwamulia.

Baadhi ya watu watauliza kama hili si suala la wachache wenye magari na wenye kulipa karo za shule za binafsi. Watoto wengi wa nchi hii hutembea kwa miguu, nao hugongwa wakivuka barabara au wakipita ukingoni kwa kukosa njia ya waendao kwa miguu. Wengine hupakiwa watatu watatu juu ya bodaboda. Hoja hiyo ni ya haki, na inastahili kupewa nafasi yake siku nyingine. Lakini ugonjwa mmoja haukatazi kutibu mwingine, hasa ikiwa dawa ya huu imo tayari ndani ya gari, imefunikwa kwa kitambaa.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya fedha. Mwenye gari akiambiwa apakie watoto 7 badala ya 15, atasema waziwazi kwamba ama nauli ipande mara mbili, ama gari lizunguke mara mbili na mtoto wa mzunguko wa kwanza aamshwe saa 9 usiku. Katika hilo hadanganyi. Wazazi wanaolalamika kwamba gari limejaa ndio hao hao wanaochagua gari la bei nafuu, na mkuu wa shule anayejua idadi hiyo hunyamaza ili asiwapoteze wanafunzi. Hivyo kila mmoja amepata unafuu wake, na tofauti ya bei inabebwa na mtoto asiye na kiti. Shule ingeweza kukodi basi moja kubwa lenye mikanda badala ya magari madogo manne. Saa ya kuanza masomo kwa madarasa ya chini ingeweza kusogezwa mbele. Mzazi naye angejiuliza kama kweli hapana shule ya kuridhisha kati ya Mbagala anakoishi na Mikocheni anakompeleka mwanawe. Shule nzuri iliyo karibu na nyumbani ni kinga ambayo hakuna mkanda unaoishinda, na hilo linawahusu wapangaji wa elimu kuliko linavyowahusu madereva.

Kuhusu nguvu ya sheria, jirani wa kaskazini wana uzoefu unaofaa kutazamwa. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alitoa kanuni zilizozoeleka kwa jina lake, zikaanza kutekelezwa Februari 2004. Kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda kwa abiria wote, na kwa muda nchi nzima ilitii. Baadaye mikanda mingi ikawa ya ukaguzi tu: michafu, isiyoshika, ambayo abiria aliivuta juu ya mapaja alipoona askari na kuiachia alipompita. Funzo lake ni kwamba mkanda ulionunuliwa ili kumridhisha mkaguzi utamridhisha mkaguzi, basi. Huku nako, kila inapofika Wiki ya Nenda kwa Usalama, stika hubandikwa kwenye vioo vya magari kwa bidii kubwa. Stika haifungi mtu.

Kwa hiyo sheria na irekebishwe, imtaje mtoto kwa umri na kimo chake, na imfikie popote alipokaa. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, inapotoa leseni ya gari la wanafunzi, ihesabu mikanda inayofunga na kufunguka, na hesabu hiyo ndiyo iwe idadi ya watoto inayoandikwa ubavuni mwa gari kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Askari wa usalama barabarani, ambaye leo hutazama bega la dereva kupitia kioo cha mbele, afungue na mlango wa nyuma. Magari ya Serikali yawe ya kwanza kutii, maana haipendezi dereva wa wizara kuwapeleka watoto wa bosi wake shuleni katika gari lenye namba za Serikali, nao wamepiga magoti juu ya kiti wakitazama nyuma.

Lakini ufunguo uko mikononi mwa waalimu. Mwalimu huaminiwa na mtoto kuliko mzazi, na mtoto aliyefundishwa darasani kwamba mkanda hukaa begani na nyongani atamsumbua baba yake mpaka vitambaa vya viti vipasuliwe na vifungio vitolewe. Wala haihitajiki fedha ya mradi. Mwalimu wa zamu anayepokea watoto getini saa moja kasorobo anaweza kuanza kesho: ahesabu vichwa vinavyoshuka katika kila gari, aingie ndani ahesabu mikanda inayofunga, aandike hesabu hizo mbili katika daftari la zamu pamoja na namba ya gari, na ifikapo Ijumaa ampelekee mwenyekiti wa kamati ya shule.